Mkwaruzo Mdogo Kwenye Bunduki ya Marehemu

Najua wengine watashangaa: pasta anaandika juu ya bunduki? Kwetu Kivu bunduki imetuletea machozi ya kutosha. Lakini leo sizungumzi bunduki za vita. Nazungumza ile bunduki ya zamani ya kuwindia, kalibre 12, yenye mitutu miwili, ambayo jamaa kadhaa walirithi kwa baba ao kwa babu aliyekuwa na karatasi zake. Kuna jambo nililojifunza juu ya bunduki ya namna hiyo hapa Nyawera, mwaka wa 2018, na nililijifunza kwa taabu ya mama mmoja mjane wa kanisa letu.

SIKU NILIPOITWA

Ilikuwa mwezi wa 11, mvua kila siku. Jumamosi, kisha mazoezi ya kwaya, mtoto mdogo alikuja mbio: "Mama anasema Pasta akuje sasa hivi." Nilipofika kwao, si mbali na soko ya Nyawera, nilikuta mama ameketi chumbani, mlango umefungwa. Juu ya meza, kwenye blanketi, kulikuwa bunduki ya marehemu mume wake. Kando alisimama kijana wake wa kwanza, wa miaka 19, ameinamisha kichwa. Mkononi mwake alishika kipande cha emeri, ile karatasi ya kusugulia chuma.

"Pasta, ona vile mutoto amefanya," mama akasema. "Baba yake alichunga hii kitu miaka yote. Leo ameisugua sawa sufuria."

Habari ilikuwa hivi. Kisha kifo cha mume wake, mama alitaka kupeleka karatasi za bunduki ofisini ili mambo ya marehemu yawekwe sawa. Akamwambia kijana ashushe bunduki kutoka juu ya kabati, ili waandike nimero yake. Kijana alipoishusha, mtutu uligonga pembe ya kantini ya chuma. Ukabaki mkwaruzo mmoja, urefu wake kama kijiti cha kibiriti, mweupe katikati ya weusi.

Kijana akaogopa. Hakusema kitu. Alienda sokoni, akanunua emeri, akaanza kusugua ili mkwaruzo upotee. Lakini kadiri alivyosugua, weupe uliongezeka. Mama alipoingia, pahali pakubwa kama kiganja cha mkono palikuwa peupe kama kijiko. Tena mkono wa kijana ulikuwa umekaribia upande wa chini wa mitutu, kule kwenye herufi na nimero.

"Nilitaka tu kuitengeneza, Pasta," kijana akasema. "Nilizani ni rangi, nitapaka ingine."

Nami pia nilizani ni rangi. Kwenye shule ya Biblia hatukufundishwa mambo ya chuma. Lakini nilimjua mzee mmoja wa mtaa, mtengenezaji wa mashine za kushona na makufuli, ambaye wakati wa ujana wake alijifunza kazi kwa fundi wa bunduki. Nikamwomba aje jioni ile. Sisi hatukutoka na bunduki kwenda kwake. Mjini Bukavu bunduki haitembezwi barabarani, hata kama ni ya kuwindia, hata kama imefungwa ndani ya nguo.

KABLA YA KUANGALIA MKWARUZO

Mzee alipoingia hakuangalia mkwaruzo. Aliuliza: "Nani ameifungua?" Hakuna aliyejibu. Akatuma watoto wadogo watoke. Akageuza mdomo wa bunduki kuelekea ukuta pasipo mtu, akaifungua, akaangalia ndani ya mitutu yote miwili kwa tochi. Ilikuwa tupu.

"Kijana, sikia," akasema. "Bunduki yote iko na kartushi ndani, mpaka macho yako mwenyewe yaseme hapana. Wewe ulisugua saa nzima bila kuangalia."

Nilimwona mama akishika kifua. Jamaa nzima ilikuwa imepita mbele ya mitutu ile mchana kutwa.

ALAMA NDOGO ZENYE KUSEMA

Kisha hapo mzee alitenga mitutu na kitako cha mbao, akaigeuza chini juu. Akatoa kioo cha kukuza, akaniita niangalie. Kulikuwa umbo la yai, na ndani yake herufi tatu, ELG, na juu yake taji dogo. Karibu na hapo nimero ya bunduki.

Alama ile inatoka Liège, mji wa Ubelgiji. Tangu mwaka wa 1672 mji ule una nyumba ya kujaribu mitutu: wanaweka baruti nyingi kupita kawaida na kupiga, na mtutu usiopasuka unagongwa alama. Herufi ELG zilianza wakati wa Napoleon, mwaka wa 1810, na taji likaongezwa juu mwaka wa 1893. Kwa hiyo bunduki ya mama haikuweza kuwa imejaribiwa mbele ya mwaka ule. Kando ya Liège, pale Herstal, kuna kiwanda cha FN kilichoanzishwa mwaka wa 1889. Ndiko alikokufa John Moses Browning, Mmarekani mwenye kubuni bunduki nyingi, mwaka wa 1926. Ubelgiji ndiyo iliyotawala Kongo, basi si ajabu bunduki nyingi za kuwindia za wazee wetu zilitoka kule.

Na si kila mtu aliruhusiwa kuwa nayo. Mapatano ya Brussels ya tarehe 2 Julai 1890 yalikataza kuingiza bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, Kongo ikiwa ndani yake. Bunduki za zamani za jiwe la kutoa moto, zisizo na mifereji ndani ya mtutu, ndizo ziliweza kuruhusiwa chini ya ulinzi wa serikali. Kwa hiyo mzee aliyekuja kuwa na kalibre 12 na karatasi yake alikuwa na kitu cha heshima, na watoto wake walijua.

Karatasi na bunduki zinaunganishwa na nini? Na nimero ile. Sheria ya silaha ya nchi yetu, nambari 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985, haimruhusu mtu kushika silaha bila ruhusa. Hata mapatano ya Afrika ya Kati juu ya silaha ndogo, yaliyokubaliwa Kinshasa tarehe 30 Aprili 2010 na kuanza kutumika mwaka wa 2017, yanasisitiza kwamba silaha iwe na alama ya kutambulika. Bunduki yenye nimero iliyosuguliwa ni kama mtu aliyechoma kitambulisho chake mwenyewe. Nani atasadiki kwamba ilikuwa ni mtoto tu aliyetaka kuficha mkwaruzo? Watasema imeibwa, ao imetoka kwa watu wa porini.

Mzee alipima kwa kidole. Kati ya pahali palipokwisha kusuguliwa na nimero, palibaki upana wa vidole viwili.

RANGI ILE SI RANGI

"Sasa nitakuonyesha kosa lako," mzee akamwambia kijana. "Wewe ulizani mtutu umepakwa rangi. Haukupakwa. Weusi ule ni ngozi ya chuma chenyewe."

Ninyi wasomaji wa machimbo mtaelewa upesi kuliko mimi. Unapoosha mchanga kutafuta zahabu, chini ya karai kunabaki mchanga mweusi mzito. Ukipeleka sumaku, mara nyingi sehemu yake inarukia sumaku. Hiyo ni magnetite, chuma iliyoshikamana na oksijeni kwa namna nzuri, ikawa nyeusi na ngumu. Kutu nyekundu nayo ni chuma na oksijeni, lakini imeshikamana vibaya pamoja na maji: inavimba, inabomoka, inakula ndani.

Mafundi wa zamani walitumia kutu kuleta weusi. Walisafisha mtutu, wakaupaka dawa kidogo ya kuleta kutu, wakauacha katika pahali penye unyevu mpaka ukafunikwa na kutu nyembamba. Kisha wakauchemsha ndani ya maji safi. Maji ya moto yanageuza kutu nyekundu kuwa nyeusi. Wakasugua polepole kwa nyuzi laini za chuma, unga ukatoka, weusi ukabaki. Wakarudia hivyo mara sita hata mara kumi, siku kwa siku. Ngozi iliyopatikana ina unene wa mikroni moja ao mbili tu, wakati unywele mmoja wa kichwa una karibu mikroni 70. Kazi ya siku nyingi, na emeri inaimaliza kwa dakika moja.

Tena ngozi ile peke yake haizuii kutu. Kazi yake ni kushika mafuta. Weusi bila mafuta ni kama udongo mkavu: unyevu unapita.

TULIVYOTENGENEZA

Mzee hakuahidi miujiza. Alisema mkwaruzo utafichika, lakini pahali pa emeri patabaki. Haya ndiyo aliyofanya, na nayaandika kwa utaratibu kwa sababu vijana wengi wanapenda kazi ya mikono.

1. Alihakikisha kama ni mkwaruzo kweli. Alipaka tone la mafuta ya mashine ya kushona na kupangusa kwa kitambaa. Mara nyingine alama nyeupe ni chuma kingine laini kilichobaki juu, kama aluminyumu, na inatoka bila kuumiza kitu. Hii haikutoka.

2. Aliondoa kutu kidogo iliyokuwa karibu. Hakutumia kisu wala emeri. Alichukua waya ya umeme ya shaba, akaiponda mpaka ikawa bapa, akakwangua polepole ndani ya mafuta. Shaba ni laini kuliko chuma cha mtutu, basi inachukua kutu na kuacha chuma.

3. Aliondoa mafuta yote ndani ya mkwaruzo kwa pamba yenye alkoli. Kisha hapo hakuna aliyeruhusiwa kugusa. Jasho la vidole lina chumvi na mafuta. Pahali palipoguswa dawa haishiki.

4. Alipasha mtutu moto kidogo kwa kitambaa kilicholoweshwa ndani ya maji ya moto, akaukausha vizuri. Chuma chenye vuguvugu kinapokea dawa vema.

5. Alifungua kichupa kidogo cha dawa ya kutia weusi bila moto, alichokichunga tangu zamani. Akachonga kijiti cha kibiriti, akachovya ncha, akapitisha ndani ya mkwaruzo tu, kama mtu anayeandika herufi moja. Hakupaka kando. Akangoja dakika moja, akapangusa kwa kitambaa chenye maji, akakausha. Akarudia mara nne. Kila mara weupe ulipungua: kwanza kijivu, kisha buluu, mwishoni karibu nyeusi.

6. Alipaka mafuta, akaagiza kesho yake wapanguse na kupaka tena, kwa sababu dawa iliyobaki inaweza kuleta kutu.

Dawa ile ya kichupa ni sumu. Nyingi za namna yake zina seleniumu na chumvi za shaba. Mzee alifungua dirisha, akavaa glovu, na kijiti pamoja na vitambaa vikatupwa ndani ya shimo la choo. Usiiweke karibu na chakula wala pahali mtoto anaweza kufika. Tena weusi wake si ile magnetite ya Liège. Ni utando mwembamba zaidi, na unaisha upesi pahali panaposhikwa mara nyingi. Kwa mkwaruzo mdogo unatosha.

Kijana akauliza: "Muzee, na hapa pakubwa? Upake basi kichupa chote."

"Hapana. Dawa hii pahali pakubwa inafanya mabaka mabaka, kama ukuta wenye kuvuja. Hapa tutapaka mafuta na kuacha. Miaka itapageuza rangi polepole. Kuacha nako ni kazi."

Na kama huna kichupa? Mzee alijibu kwamba mkwaruzo uliopakwa mafuta kila mwezi hauharibu bunduki hata kidogo. Ni wa macho tu.

MAMBO AMBAYO YAMEHARIBU BUNDUKI ZA WATU

Usisugue mtutu kwa emeri, wala kwa brosi ya chuma, wala kwa zile nyuzi nzito za kusugulia masufuria.

Usipake rangi ya mlango. Unyevu unaingia chini yake, na kutu inakula pasipo kuonekana.

Usitumie asidi ya betri. Inakula chuma pamoja na alama.

Usichemshe mitutu miwili ndani ya soda kostike. Viwandani bunduki nyingi za kisasa zinatiwa weusi ndani ya soda kostike na chumvi, kwa moto wa karibu digri 140. Lakini katika bunduki nyingi za zamani mitutu miwili imeunganishwa kwa etani, ile inayotoka ndani ya kasiterite mnayochimba, pamoja na risasi nyeusi. Soda ile inakula kiungo hicho. Unatoa mitutu imekuwa mizuri ya rangi, na imeachana.

Ukiona mtutu una michoro kama mawimbi ao kama mbao, usiuguse kwa dawa yoyote. Huo ni mtutu wa Damasko: vipande vya chuma vya namna mbili vilivyosokotwa na kufuliwa pamoja. Katika bonde la mto Vesdre, karibu na Liège, vijiji kama Nessonvaux viliishi kwa kazi hiyo. Michoro inaonekana kwa sababu kila chuma kilipokea rangi yake. Dawa ya kichupa inafunika yote, na michoro inapotea. Mafuta tu.

Na mtu asijaribu kupiga bunduki ya zamani kwa sababu inang'aa. Kalibre 12 nyingi za zamani zina chumba cha kartushi cha milimita 65, lakini kartushi nyingi za leo ni za milimita 70. Kartushi inaingia, lakini ikifunguka ndani inabana, na nguvu inarudi nyuma kwa uso wa mpigaji. Mtutu wa Damasko nao haukufanywa kwa baruti za leo. Fundi aangalie kwanza.

KUCHUNGA NDANI YA UNYEVU WETU

Bukavu iko karibu mita 1500 juu ya bahari, kando ya Ziwa Kivu, na mvua inatushika karibu miezi tisa kwa mwaka. Machimbo ya Kamituga na Shabunda yana unyevu zaidi. Mzee alikataza blanketi: sufu inakunywa unyevu na kuuweka juu ya chuma. Alikataza mfuko wa plastiki, kwa sababu unafunga jasho la chuma ndani. Alikataza ngozi, kwa sababu ya dawa na chumvi zilizomo. Na wale waliozika bunduki chini ya ardhi wakati wa vita walichimbua fimbo ya kutu.

Kitambaa cha pamba chenye mafuta kidogo, pahali pakavu penye hewa, ndani ya sanduku lenye kufuli, kartushi mbali na bunduki, ufunguo kwa mtu mzima. Mara moja kwa mwezi uangalie na kupangusa. Mafuta machafu ya motari hapana. Yana asidi na unga wa chuma.

OFISINI

Juma lililofuata mama alienda ofisini na karatasi za marehemu pamoja na nimero iliyoandikwa. Kisha mtumishi wa ofisi alikuja nyumbani kuangalia. Aliona pahali peupe, akauliza kwa sauti kali: "Nani alitaka kufuta hapa?"

Mama akamwangalia kijana. Kijana akasimama, akaeleza yote: kantini, woga, emeri. Mtumishi akageuza mitutu, akasoma nimero moja moja kwa tochi, akalinganisha na karatasi ya zamani. Zilikuwa sawa. Akaandika.

Alipotoka, mama alinyamaza muda mrefu. Halafu akamwambia kijana: "Siku ingine ukivunja kitu, uniambie ingali kidogo."

Niliiona bunduki ile mara ya mwisho mwaka wa 2023. Mkwaruzo wa kwanza sikuuona mpaka kijana aliponionyesha kwa kidole. Pahali pa emeri pamekuwa pa kijivu, kama mvi. Yeye mwenyewe ndiye anayepaka mafuta kila mwezi, na aliniambia anaanzia pale pale.

Basi, jamaa mpendwa, kama kwako kuna chuma cha zamani, iwe bunduki yenye karatasi, mashine ya kushona ya mama ao panga la babu, na kimepata mkwaruzo, tengeneza mkwaruzo tu. Pale pasipoumia, uache mkono wako.